Kutembea Tu

Mzee alizihesabu zile noti mara mbili, kwanza kwa sauti na kisha kwa midomo tu, akazikunja ndani ya upindo wa kikoi chake, akainua macho na kuniuliza swali ambalo wakati ule nililiona la kawaida kabisa.

"Sasa, mwanangu, unakwenda kuvua au kubeba?"

Tulikuwa tumesimama pwani ya Kunduchi, saa nne ya asubuhi, maji yakiwa yametoka mbali na kuziacha ngalawa zote zimelala juu ya mchanga wenye mikunjo. Ile niliyokuwa nimeinunua muda huo huo ilikuwa imelalia tengo lake la kushoto, yaani ule mti wa ubavuni unaoizuia isipinduke, kama mtu aliyejiegemeza kwa kiwiko akisubiri chakula.

"Sivui wala sibebi, babu," nikamjibu. "Nakwenda kutembea tu."

Hakucheka. Alinyamaza, akaitazama ngalawa kuanzia omo hadi tezi, akanitazama mimi, akamtazama mwanangu wa miaka 11 ambaye alikuwa amekwisha kupanda na kukaa karibu na mlingoti, kisha akaondoka bila kusema neno na kuingia katika kibanda chake cha makuti. Aliporudi alikuwa ameshika upo wa kufulia maji, uliochongwa kwa kipande kimoja cha mti, mpini wake umekuwa mweusi na laini kwa kushikwa miaka mingi.

"Basi chukua na huu," akasema.

Ukimya ule ulinikaa rohoni kwa wiki saba.

Mabati au tanga

Nyumba yetu ya Bunju imesimama kwenye lenta tangu mwaka juzi. Kuta zipo, nafasi za milango zipo, na katikati ya kile kitakachokuwa sebule umeota mpapai ambao hakuna aliyeupanda. Kila mgawo wa kikoba unapotoka, mimi na mume wangu huketi mezani na kuhesabu mabati, mbao za kenchi na misumari, na kila mara hesabu hutushinda kidogo, nasi husema tutasubiri mgawo ujao. Safari hii mgawo wangu ulikuwa shilingi milioni 2 na laki 1. Ngalawa ile, pamoja na tanga lake, makasia mawili, nanga na kamba zote, ilikuwa inauzwa milioni 1 na laki 8.

Nilikaa na fedha hizo siku 19 bila kuamua.

Nataka nieleze vizuri jinsi siku zile zilivyokuwa, kwa sababu watu wengi wanaoniuliza kuhusu ngalawa huuliza bei, wala hawaulizi kuhusu usiku. Usiku niliwaza kwamba mwanamke mwenye akili timamu, mwalimu wa hisabati tena, hawezi kuacha nyumba bila paa akaenda kununua mti uliochongwa. Nilijiona nikieleza jambo hilo kwa mama yangu Morogoro, ambaye tangu Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, hapendi hata kusikia kwamba nimepanda kivuko cha Kigamboni. Nilijiona nikilieleza kwa wanakikoba wenzangu, ambao mmoja alinunua cherehani, mwingine akaongeza duka, na wote wangeniuliza ngalawa itaingiza shilingi ngapi kwa mwezi.

Aliyenitoa katika mashaka hayo ni mume wangu, naye hakusema maneno mengi. Alikuwa anafunga kamba za viatu asubuhi, akasema, "Wewe umeanza kuzungumzia bahari kabla hatujanunua kiwanja."

Ilikuwa kweli. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 36, baada ya mwanafunzi wangu mmoja kuniuliza, kwa heshima zote, kwa nini tunakokotoa kasi ya boti na kasi ya mkondo wa mto ilhali mwalimu mwenyewe anaogopa maji. Tangu siku nilipoweza kuelea chali na kusikia bahari ikipumua masikioni, nilitaka kwenda mbali kidogo kuliko mikono yangu ilivyoweza kunifikisha, na nilitaka nifike huko kwa upepo, bila injini na bila kumlipa mtu nauli.

Kabla ya ngalawa nilikwenda kuitazama boti ndogo ya faiba, ya tanga, iliyokuwa inauzwa na mgeni aliyekuwa anaondoka nchini. Ilikuwa nyeupe, nyepesi na ya haraka, na bei yake, ingawa ilitajwa kwa dola, haikuwa mbali sana na uwezo wangu kama angekubali nilipe kwa awamu. Nilipomwuliza mlinzi wa pale vifaa vyake vinapatikana wapi, alinionyesha kile kidude cha chuma kinachoshika kamba ya tanga na kuniambia kwamba kilipovunjika mwaka uliotangulia, boti ilikaa nchi kavu miezi mitano ikisubiri kingine kitoke Afrika Kusini. Nikaondoka. Kunduchi, mlingoti ukivunjika, mlingoti mwingine unauzwa kwa hatua mia moja kutoka pale ulipovunjikia, na mtu wa kuusimamisha ameketi hapo hapo anasuka kamba. Kama ningetakiwa kumshauri mtu anayenunua chombo chake cha kwanza, ningemwambia jambo hilo kabla ya mengine yote: atazame kwanza ni nani atakayemtengenezea.

Alama za tezo

Ngalawa yangu ina urefu wa mita 6 kasoro kidogo, na mwili wake wote ni shina moja la mwembe, lililoongezewa ubao mmoja kila upande ili kuzuia mawimbi. Ukiinama ndani na kupitisha kiganja ubavuni, unazihisi alama za tezo la fundi, vijishimo vidogo vilivyopangana kama magamba ya samaki, na kila kijishimo ni pigo moja la mkono wa mtu. Nilikaa nazo muda mrefu siku ya kwanza. Mwanangu alitaka kujua kama mti huo uliwahi kuzaa maembe kabla ya kukatwa, na mzee akamwambia kwamba miembe hukatwa inapozeeka, kwa hiyo bila shaka ulilisha watu wengi kwanza.

Kabla ya kulipa niliikagua kwa kadiri nilivyoelekezwa. Niligonga kwa kifundo cha kidole kila sehemu na kusikiliza kama mlio unabadilika, maana mti uliooza hujibu kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Nilijilaza mchangani chini yake na kutazama juu kama kuna mwanga unaopenya. Nilivuta kila fundo la kamba linalofunga matengo kwenye miti yake ya kupitia. Sikuinua ule ubao mdogo uliofunika mahali mlingoti unapokaa, kwa sababu hakuna aliyeniambia niuinue.

Kisha nikaanza kujifunza maneno. Mimi ni mtu wa bara, na Kiswahili changu ni cha darasani na cha sokoni; sikujua kwamba kulikuwa na Kiswahili kingine kizima kinachoanzia pale mchanga unapokwisha. Mjukuu wa mzee, kijana wa miaka kama ishirini ambaye alikubali kunifundisha kwa malipo ya siku, hakuwahi kusema "mbele" au "nyuma" wala "ile kamba". Alisema omo na tezi, alisema henza kwa kamba ya kutwekea tanga na demani kwa ile ya kulizuia, alisema foromali kwa mti wa juu unaobeba tanga, na alinisubiri kwa upole nilipokuwa natafuta kichwani neno ambalo mkono wake ulikuwa umekwisha kulitenda.

Kilichonitia hofu zaidi ni kugeuza. Tanga letu halipitishwi upande wa pili kwa kuelekeza omo kwenye upepo, kama nilivyoona boti za faiba zikifanya. Unaupa upepo mgongo, unaiachia demani, foromali inasimamishwa wima mbele ya mlingoti, na tanga zima linazungushwa kwa mbele mpaka likae upande mwingine, na katika muda huo, ambao niliuhesabu siku moja nikapata sekunde 14, chombo hakina nguvu wala uamuzi, na kitambaa kinapiga kelele juu ya kichwa chako kama kibanda kinachong'olewa na dhoruba. Mara tatu za kwanza nilifumba macho. Mara ya nne nilimwona mwanangu ameyafumbua yake, ameishika demani kwa mikono miwili, anasubiri neno langu.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kweli kuendesha ngalawa.

Umepwelewa, mama

Kosa langu kubwa la kwanza halikuhusu upepo. Nilikuwa nikisoma kila jioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na siku yoyote waliyotahadharisha kuhusu mawimbi ya mita 2 sikukaribia pwani. Lakini bahari ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, jambo ambalo kila mtoto wa Kunduchi analijua kwa miguu yake, nami nililijua kwa namba tu.

Tulitoka alfajiri ya Jumamosi moja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, umande ukivuma taratibu kutoka bara na kutusukuma nje bila jasho. Tulizunguka kwa furaha, tukaona pomboo wawili kwa mbali, tukarudi saa tatu na nusu ili niwahi shughuli zangu za nyumbani. Hapakuwa na pwani ya kurudia. Kati yetu na mchanga wa nyumbani palikuwa na eneo pana la mawe, majani ya bahari na vidimbwi, na ngalawa ikagusa chini kwa sauti ya kukwaruza ambayo niliisikia mpaka kwenye meno.

Tukakaa hapo, jua linapanda, mimi na mtoto na chupa moja ya maji.

Wanawake wanne walikuwa wanakuja kutoka pwani kwa miguu, kanga zimekunjwa magotini, kila mmoja ana nondo nyembamba ya kuchokolea pweza. Walifika tulipokuwa, tukasalimiana, nikampa shikamoo yule mkubwa wao, naye akaitikia marahaba huku akiitazama ngalawa kwa macho ya mtu anayetazama sufuria iliyounguza.

"Umepwelewa, mama," akasema. "Maji haya hayarudi mpaka saa saba. Ungetuuliza sisi."

Nilimwambia kwamba sikufikiri kuuliza. Akaniambia kwamba ratiba ya maji ni rahisi kwa anayetaka kuishika: bamvua likiwa kubwa, maji yanakauka kama saa nne na yanajaa kama saa kumi, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu saa moja, mpaka yafike maji mafu, siku ambazo hupanda na kushuka kidogo tu, na saa nne ya asubuhi bahari imejaa. Nilifundisha wanafunzi elfu kadhaa kusoma grafu za mawimbi ya namna hiyo, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaozitembelea juu yake kila siku kwa ndoo mkononi.

Walimwachia mwanangu pweza mdogo. Maji yalirudi saa saba na dakika kumi.

Shangazi na wageni wawili

Katika wiki hizo zote, nikifundisha, nikipika, nikisubiri daladala Tegeta, nilikuwa namwona mzee akiinamisha kichwa na kwenda kuuleta ule upo. Niliuelewa ukimya wake kuwa ni hukumu. Niliamini kwamba alikuwa ananiona kama mtu anayechezea kitu kilichowalisha wanawe, na nilianza kujiuliza kama ana haki.

Kuna jambo la utotoni lililofanya hukumu hiyo inichome zaidi. Nilikulia Morogoro mjini, na likizo nilipelekwa kwa shangazi yangu milimani, Uluguru. Tulikuwa tukishuka alfajiri kuelekea sokoni, yeye na tenga la kabichi kichwani, mimi na fungu la vitunguu, na siku moja njiani tulikutana na wageni wawili wa Kizungu wanaopanda. Walikuwa wanahema, nyuso zao nyekundu, na mikononi hawakuwa na kitu zaidi ya fimbo. Niligeuka kuwatazama mpaka walipopotea kwenye kona. Nikamwuliza shangazi wanakwenda kuchukua nini huko juu.

"Hawachukui kitu," akasema. "Wanatembea tu."

Alilisema hilo bila chuki, kama mtu anayetaja aina ya ndege. Lakini mimi, mtoto, nilichukua kutoka hapo fundisho ambalo hakukusudia kunipa, kwamba mlima una watu wa namna mbili, wanaopanda na kushuka kwa sababu ya mzigo na wanaopanda kwa sababu wametaka, na kwamba sisi ni wa kundi la kwanza. Miaka 30 baadaye nilisimama mbele ya mzee wa Kunduchi na kutamka maneno yale yale ya shangazi, safari hii nikijisemea mwenyewe. Si ajabu kwamba niliyasikia yakilia vibaya.

Nimetafakari sana kama fundisho hilo lilikuwa sahihi, na naona halikuwa. Lamu, wakati wa maulidi, watu ambao wiki nzima wamebeba mawe na mchanga kwa mashua huzifunga bora kati ya hizo matanga yao mazuri na kushindana nazo mbele ya mji mzima. Watoto wa Kunduchi huchonga vingalawa vya makumbi ya nazi, wakavitia tanga la mfuko wa plastiki, na kuvikimbiza kwenye vidimbwi maji yanapokupwa. Hakuna aliyewafundisha kwamba bahari ni ya kazi peke yake. Hata lugha yenyewe, ambayo kitambaa cha chombo inakiita tanga, mwendo wa mtu asiyefungwa na shughuli inauita kutanga. Na tunapomfikia ndugu tuliyemkosa siku nyingi, tukaulizwa kwenye mlango tumekuja kwa ajili gani, jibu letu la heshima kuliko yote ni kwamba tumekuja kutembea.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu, na nimeridhika nayo, tulipokwenda kulala Mbudya.

Usiku wa Mbudya

Kisiwa kile, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na watu wengi wa Dar es Salaam wamewahi kufika huko kwa boti ya injini, wakaogelea, wakala samaki wa kuchoma, wakarudi jioni. Mimi pia nilikuwa nimefika hivyo mara nyingi. Kufika kwa tanga ni jambo jingine. Tulikuwa wanne, mimi, mume wangu aliyekubali kupanda kwa mara ya kwanza, mtoto, na yule kijana. Kila mmoja alivaa jaketi okozi, na simu zetu zilifungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Upepo wa kusi ulikuwa umelegea kabisa kwa sababu msimu wake ulikuwa unakwisha, nao ulitupata ubavuni, laini na wa kudumu, na ngalawa ikaenda ikiongea peke yake, maji yakisugua matengo kwa sauti ya mtu anayepepeta mchele.

Mume wangu hakusema lolote kwa saa nzima. Tulipokaribia mivinje ya kisiwani akasema tu, "Kumbe."

Boti za wageni zilipoondoka jioni, pwani ilibaki kwetu na kwa kaa. Tulipika wali na yule pweza aliyekaushwa, tukatandika hema, na giza lilipoingia mwanangu aliteremka majini mpaka magotini na kuniita kwa sauti ambayo nilidhani ameumia. Alikuwa anapitisha mkono ndani ya maji, na kila kidole kilikuwa kinaacha mstari wa mwanga wa kijani, mwembamba, uliodumu kidogo na kuzimika. Alifanya hivyo tena na tena. Ng'ambo, taa za mji zilikuwa zimejipanga kuanzia Mbezi hadi Msasani, na zilionekana ndogo.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuihesabu.

Asubuhi tulikuta ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, maji mengi kuliko siku zote. Kufua maji ilikuwa kazi ya mwanangu, na kwa kuwa ni mtoto wa mwalimu wa hesabu, tangu safari ya kwanza alikuwa anahesabu kila upo anaoumwaga na kuandika jumla kwenye daftari. Safari ya kwanza 31. Ya tatu 46. Ya tano 70. Niliiambia nafsi yangu kwamba ni marasharasha ya mawimbi, na kwamba kila chombo cha mti hunywa maji kidogo. Asubuhi ile ya Mbudya alifua mara 118, na tulipofika Kunduchi alifua tena.

Ufa

Mzee alikuwa ameketi kivulini anatengeneza wavu. Nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo nitamwuliza kuhusu ule ukimya, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote niliyoyawaza kuhusu maulidi ya Lamu na vingalawa vya watoto. Mwanangu akanitangulia.

"Shikamoo babu. Jana na leo nimefua mara mia moja na themanini na mbili."

Mzee aliitikia salamu, akauweka wavu chini. Alikaa kimya kama siku ile, kichwa kimeinama vile vile, na safari hii nilikuwa karibu zaidi, nikaona kwamba nilikuwa nimeusoma uso wake vibaya.

"Kuna ufa," akasema. "Chini ya ubao, pale mlingoti unapokaa. Niliuziba kwa kipande cha bati na lami, mwaka juzi."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu taratibu, akitazama mikono yake. Mvuvi, alisema, asingemwambia, kwa kuwa mvuvi angeukuta mwenyewe siku ya pili, angeuziba na kwenda zake. Ndivyo ngalawa zinavyouzwa, kila mtu anajua kwamba zina lake jambo. Lakini nilipomwambia nakwenda kutembea, akamwona na mtoto ameketi pale pale juu ya ule ubao, moyo wake ulishtuka, akajua kwamba ametenda kosa. "Nikasema nikimwambia, atataka fedha zake. Na fedha zile nilikuwa nimekwisha kuzitolea ahadi kwa ajili ya bibi yenu aliyekuwa amelazwa. Nikashindwa. Nikakuletea upo."

Niliondoka bila kuaga.

Hasira yangu ilidumu siku tatu, na sioni aibu kuitaja. Nilikuwa nimemlaza mtoto wangu upande wa pili wa maji nikiamini chombo ambacho mwenyewe hakukiamini. Niliandika ujumbe wa kudai fedha, nikaufuta, nikauandika tena. Lakini katikati ya hasira hiyo kulikuwa na jambo jingine lililokuwa linanisumbua kwa namna tofauti. Kwa wiki saba nilikuwa nimejibizana na mtu ambaye hakuwapo, mzee aliyedharau matembezi yangu, na nilikuwa nimemtungia hoja na kuzijibu. Mzee aliyekuwapo hakuwa na neno lolote na matembezi. Alikuwa ameyaona kuwa ni jambo zito kuliko uvuvi, zito kiasi cha kumnyima usingizi, kwa sababu mvuvi anajua anachokiendea na mimi nilikuwa nimempeleka mtoto mahali ambapo hakuna kilichotulazimisha kwenda.

Siku ya nne nilirudi nikiwa na nia ya kumwambia anirudishie nusu ya fedha. Nilimkuta chini ya ngalawa. Yeye na mjukuu wake walikuwa wameipandisha juu ya magogo, wameing'oa ile bati, kipande cha bati la nyumba lililopondwapondwa likanyooka, wameikwangua lami yote hadi mti ukaonekana mweupe, na ufa wenyewe ulikuwa wazi, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Pembeni palikuwa na kopo la sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia vyombo, lenye harufu kali, na rundo la pamba. Hakusema kitu kuhusu fedha, nami sikuweza kuanza. Alinyoosha mkono, akanipa pamba, akanionyesha jinsi ya kuisokota kwa viganja iwe nyuzi ndefu, nene kidogo kuliko utambi wa taa, na kuichovya.

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Alikuwa anausukuma uzi ndani ya ufa kwa patasi butu na kuugonga kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi, akisikiliza baada ya kila pigo kwa namna ile ile niliyokuwa nimefundishwa kugonga na kusikiliza. Juu yake alipigilia kiraka cha mbao, na chini, tumbo zima, tukapaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta unaozuia maji kupenya, kwa mikono. Harufu ya sifa ilinikaa vidoleni hadi Jumatatu darasani, na wanafunzi wa mbele wakaniuliza nimekula nini.

Deni kati yetu halijakwisha, nadhani. Sijamwambia kwamba nimemsamehe, naye hajaniomba. Lakini Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya maji mafu, na saa nne asubuhi bahari ilikuwa imejaa kimya hadi kwenye mizizi ya minazi, nasi tukaishua ngalawa, tukazunguka mpaka karibu na Fungu Yasini na kurudi. Mzee alikuwa amesimama pwani tangu tulipoonekana. Aliushika ubavu kabla ngalawa haijagusa mchanga, na hakunisalimu mimi kwanza.

"Ngapi leo?" akamwuliza mtoto.

"Kumi na mbili, babu."

"Bado nyingi," akasema, akapanda ndani, akapiga magoti na kuuinua ule ubao.